Ganda Zima Halilali Ndani ya Nyumba

Bertrams, Johannesburg
Mwezi wa nane, baridi inaanza kulegea

Baba yangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe juu ya nyumba yako, juu ya tanuri lako la nyuma ya jiko, na juu ya goti lako la kushoto ambalo Mama anasema limeanza tena ukaidi ukipanda njia ya kanisani. Je, dawa ya kuchua niliyotuma ilifika, au Mama amewagawia majirani kama kawaida yake? Sisi huku tu wazima. Neema mkweo ni mzima, mjukuu wako ni mzima, ameota meno ya mbele na maji anayaita amanzi hata umfokee vipi. Nimekubali kushindwa, namletea hiyo amanzi yake.

Utauliza kwa nini karatasi wakati simu ipo. Baba, simu ya Mama mnaiweka spika, nikipiga chafya huku uwanja mzima unaniambia pole. Jambo hili si la spika. Ukishalisoma utaamua mwenyewe kama Mama alisikie au la. Anayekuletea barua ni Mama Rehema muuza vitenge, anayerudi Uvira kwa basi kupitia Zambia na Kigoma. Pamoja na barua amebeba kifurushi kizito kilichoshonwa kwa gunia. Nakuomba usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua, mkono wako umeshafika kwenye uzi.

Unajua nafanya kazi kwenye duka la wawindaji, kule Kensington. Nilikuambia nafagia na kupanga mizigo, na mwanzoni ilikuwa hivyo. Tangu mwaka jana Mzee Hendrik, mwenye duka, alinihamishia meza ya nyuma. Wawindaji wa huku ganda la risasi hawalitupi. Wakishapiga wanaliokota, wanaliosha, wanalitia fataki mpya kitakoni, baruti mpya na kichwa kipya, na linapigwa tena, na tena, mpaka lichoke. Kazi yangu ni kusema lipi limechoka. Kwa hiyo mwanao amekuwa daktari wa maganda, na wagonjwa wangu hawalalamiki.

Nimekufikiria sana kwenye meza ile. Wewe shaba ya kengele zako za mbuzi unaijaribu kwa ile sumaku uliyoitoa kwenye spika ya redio, ukatupa kila kinachonasa kwa sababu ni chuma kilichopakwa rangi. Halafu unaiangusha juu ya jiwe usikie mlio. Kwako ganda zuri ni lenye shaba nyingi, yamekwisha. Huku linaweza kuwa na shaba tele, linang'aa kama bangili ya bibi arusi, na bado nikalitupa. Kuna ya kiwanda kimoja, mazito, kuta nene, ukiyaweka kwenye mizani yanalingana kama mapacha, lakini shingo zake ni ngumu, zikipigwa mara chache zinapasuka ufa mwembamba kama unywele. Kuna ya kiwanda kingine, mepesi, shingo laini yenye uvumilivu, ila kitako kinalegea upesi na fataki haishiki. Wateja wanabishana juu ya viwanda hivyo kama washabiki wa mpira, nami nanyamaza kwa sababu nimeyaona ya pande zote mbili yakifa. Ugonjwa mbaya kuliko yote uko ndani. Kwa nje unaona mstari mdogo tu unaong'aa, juu kidogo ya kitako. Hapo shaba imevutika ikawa nyembamba, na siku moja itakatika mbele ya uso wa mtu. Basi naingiza waya niliokunja ncha, napapasa taratibu. Ncha ikinasa, ganda hilo halirudi kwenye bunduki.

Niliipenda kazi hii, Baba. Wazungu wazima walikuwa wakinisubiri niseme neno.

Sasa nikueleze Mzee Hendrik mwenyewe. Vijana wa dukani wanamwita Oom, ndiyo mjomba kwa lugha yake. Ni Kaburu, usikunje uso. Ni mjane, uso mwekundu, anaongea na mbwa wake kuliko na watu. Ana bunduki moja aliyoachiwa na babu yake, ya ukubwa wa zamani ambao viwanda vimeacha kuutengenezea maganda. Ukitaka kuipiga lazima uwe na maganda yako ya tangu zamani, nayo alikuwa nayo. Aliyaokota kwenye majani mwenyewe tangu ujana wake, kila baada ya mlio anapiga magoti kutafuta.

Ana mtoto mmoja tu, binti, jina lake Annelie, anayeishi Kanada. Wale wawili, Baba, wakikaa meza moja wanagombana. Wanagombana juu ya duka, juu ya marehemu mama yake, hata juu ya chumvi. Mahali pekee wanapopatana ni porini, kwa sababu anayenyemelea mnyama hasemi. Mzee aliniambia hivyo mwenyewe, akicheka, lakini macho yake hayakucheka. Na hayo macho ndiyo yenyewe yanayokwisha. Daktari amemwambia baridi hii ndiyo ya mwisho ya kulenga shabaha. Annelie aliposikia alipiga simu akauliza, "Bunduki ya babu bado ipo?" Akakata tiketi. Wangekwenda wawili, kaskazini, shamba la rafiki yake, kutafuta tandala mmoja.

Nilimuuliza kwa nini asichukue bunduki nyingine, duka zima limejaa. Alisema bunduki nyingine anahitaji kuiona, ile ya babu yake anaishika tu na bega linajua. Alisema mnyama hana kosa la kujeruhiwa na mzee anayebahatisha.

Basi akanimwagia kopo lake lote mezani. "Nichagulie," akasema. Nilichagua kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Mengi yalikuwa yamechoka, yana ule mstari. Mazuri yakabaki machache, yakaenea ndani ya ndoo ndogo ya aiskrimu. Yalihitaji kuoshwa, na mashine ya kuoshea ni ya umeme, na umeme wa huku wakati ule ulikuwa unakatwa kila tukiuhitaji. Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Nikasema, "Mzee, nipe niyaoshe nyumbani. Baba yangu anaosha shaba kwa ndimu na chumvi tangu sijazaliwa." Alinitazama, akanisukumia ile ndoo. Hakusema uangalie, hakusema usipoteze. Ingekuwa nafuu angesema.

Niliyaosha Jumamosi. Yalitoka kama ulivyokuwa unayatoa wewe, rangi ya asali. Nikayatandaza juu ya taulo kwenye roshani, jua la baridi liyakaushe, nikaenda dukani. Neema alikuwa kazini Rosettenville, anasuka nywele kwa Mkongo mwenzetu. Hakuyaona yakiingia, na mimi sikumwambia. Ana miezi michache tu tangu afike huku na mtoto. Kabla ya hapo, kama unavyojua, aliishi kwako tangu harusi, akila ugali wako na kushika mafunzo yako.

Niliporudi nilisikia nyundo kuanzia kwenye ngazi. Nilidhani ni Salvatori, jirani yetu Mrundi, fundi viatu. Na kweli alikuwa yeye, lakini alikuwa kwangu, amechuchumaa kwenye roshani na Neema, kati yao jiwe na nyundo yake ya viatu. Yeye anashika, Neema anapiga, au anapiga yeye Neema anashika. Walikuwa wamefika mwisho. Ndoo ya aiskrimu ilikuwa imejaa vipande bapa, midomo yote imefumba.

Nilikaa chini palepale mlangoni.

"Juu ya nini unakaa chini?" Neema akaniuliza. Alikuwa anatoka jasho, nyundo bado mkononi. "Nani alileta hivi vitu mu nyumba? Vizima! Tena ku balkoni, kila mutu anaviona! Na polisi banapita kila siku banatafuta bageni."

"Neema. Ni vya Mzee."

"Vya Mzee, avilaze kwake! Baba alitufundishaka: ganda nzima hailale mu nyumba. Unaikuta, unaiponda kinywa palepale, ndiyo unaiingiza. Hakusema hivyo?"

Salvatori akatikisa kichwa. "Amefanya vizuri, ndugu. Hata sisi kwetu ni vile."

Nilifungua mdomo nimkemee Neema, na nikaona mikono yake. Alikuwa amejigonga vidole viwili, ukucha mmoja umeshaanza kuwa mweusi, na hakuwa amesikia maumivu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama aliniambia ya Bahati. Sitaki bakuchukue kama Bahati."

Baba, najua jina hilo halitajwi kwako. Tangu siku wanajeshi waliposimamisha watu njia ya mlimani, wakamwaga mfuko wa mdogo wangu, wakakuta maganda mazima yanang'aa aliyokuwa anakuletea uyeyushe, wakasema huyu anawapelekea waasi vya kutia baruti, wakamchukua na hakurudi, hujalitaja. Hukulia mbele yetu. Ulichukua nyundo tu. Tangu hapo hakuna ganda lililovuka kizingiti chako bila kufumbwa mdomo, na sisi sote tukashika sheria hiyo bila kuuliza, kama watu wanavyovua viatu. Mimi mwenyewe, miezi ya kwanza dukani, mkono wangu ulikuwa ukitafuta nyundo. Baadaye nikazoea. Sikufikiri kwamba mwingine angekuja na bado hajazoea. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami niliutandaza unyasi wenyewe juu ya taulo safi.

Jumatatu nilikwenda kazini kwa miguu. Kwenye kila robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, nilipanga hotuba mpya, na taa ikibadilika naisahau. Nilipofika nikaweka ndoo juu ya meza. Mzee alikuwa anakunywa kahawa. Aliingiza mkono bila kutazama, kama anayechukua karanga, akatoa kipande kimoja. Akakipapasa. Akatoa kingine. Alikipeleka karibu kabisa na jicho, akakigeuza, akakirudisha.

"Nani?" akauliza.

"Mke wangu."

"Amekasirika nini?"

"Hakukasirika, Mzee. Aliogopa."

Nikamweleza. Kiingereza changu unakijua, kina miguu mifupi, lakini siku hiyo kilitembea chote. Nilimweleza tanuri lako, kengele zako za mbuzi ambazo wachungaji wanazifuata kutoka milimani, sumaku ya spika. Nikamweleza Bahati. Ni mara ya kwanza kumsimulia mtu, na nilimsimulia Kaburu mwenye duka la bunduki. Kijana mmoja dukani aliyekuwa anasikiliza akasema "Eish" tu, akatoka nje.

Mzee aliisukuma kahawa pembeni. Kisha akasema, "Tulipokuwa vijana walitupeleka vitani, mpakani kule Angola. Tulipiga kutwa nzima. Maganda tuliyaacha yametapakaa, tukapanda magari tukaenda zetu. Ya kwangu ya uwindaji nayaokota moja moja kwa magoti. Yale sijawahi kujiuliza nani aliyaokota."

Hakunifukuza, Baba, wala hakunikata chochote. Alinirudishia ndoo akaniambia niendelee na kazi. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuuweka uso wangu.

Alipiga simu kila mahali. Nilimsikia akiuliza wauzaji wa mbali, wazee wenzake, wajane wa wazee wenzake. Wengine walikuwa na maganda ya jina lilelile lakini yana ule mstari, yamevutika, na nilipoyapapasa kwa waya nilitamani mkono wangu udanganye. Nilimwambia ukweli. Akasema, "Najua. Nilitaka tu useme wewe."

Annelie alikuja. Ni mwanamke mrefu, mpole kwa watu wengine. Hawakwenda porini. Walikaa nyumbani kwa Mzee, meza moja, na yale tuliyoyaogopa yakatokea. Binti alitaka duka liuzwe, Mzee aende kuishi Kanada. Mzee alisema huko hata mbwa wanavalishwa viatu. Siku moja walikuja kugombania dukani, kwa lugha yao, mbele ya wateja, na mimi nimeinamia meza yangu nikijifanya sisikii. Neno nililolielewa ni "Oupa", babu, lilirudiwa mara nyingi. Aliondoka kabla ya siku ya tiketi yake. Mzee hakumsindikiza uwanja wa ndege kwa sababu haendeshi tena gari, na binti hakumwomba mtu mwingine amlete amuage.

Neema alitaka kumwomba Mzee radhi. Alinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kule Rosettenville, akawapika kwa nyanya, tukampelekea Jumapili baada ya kanisa. Mzee alikula mmoja, akashukuru, akamuuliza vidole vyake vimepona? Ndagala waliobaki walikuwa wa mbwa, tuliwaona kupitia dirisha tunapotoka. Neema alicheka mpaka kituo cha teksi, halafu akalia. Alisema, "Nilimwibia mutoto wake." Nilimwambia hapana, lakini nilisema kwa ulimi tu. Yeye hana kosa, wewe huna kosa, Mzee hana kosa, nami nilikuwa naosha shaba. Bado baba na binti walikuwa na msimu mmoja, na umepita mikononi mwetu. La kuvunda halina ubani.

Na hili nalisema kwako waziwazi kwa sababu ni mbali na huwezi kunikatiza. Nilipokuwa nawasikiliza wale wawili wakigombana, nilifikiri kwamba sisi hatukugombana kamwe. Tulinyamaza. Ningependa tungegombana, Baba. Ningependa ungelipiga ile meza ukalitaja jina lake, hata kwa kunilaumu mimi kwamba siku ile nilikuwa sokoni na si njiani pamoja naye.

Nifikishie salamu. Mama umwambie namwazia kila siku. Dada yangu mshonaji, mwambie lile vazi la ubatizo lilimtosha mtoto na sasa halimtoshi, atume jingine. Mjomba fundi baiskeli, mchungaji wetu na gitaa lake, shangazi mwenye kibanda cha mandazi, na wale wachungaji wa mbuzi wasiolipa kwa wakati, wote uwasalimie. Salvatori Mrundi anakusalimu bila kukujua. Anasema angependa kufanya kazi na mtu kama wewe.

Sasa unaweza kufungua kifurushi. Ndani yake ni maganda ya Mzee Hendrik. Nilipomuuliza niyafanye nini, alisema nikupelekee, uyeyushe utengeneze unachopenda, mradi kiwe kitu chenye sauti. Ni shaba nzuri, utaisikia ukiiangusha.

Juu kabisa utakuta moja limefungwa kwa uzi mwekundu. Hilo lina habari yake. Wiki moja baada ya nyundo, Neema alilikuta nyuma ya chungu cha sukumawiki, limeviringika likajificha, zima. Hakuligusa kwa nyundo. Aliniletea juu ya kiganja akauliza, "Na hii?" Nilimpelekea Mzee nikidhani atafurahi. Alisema risasi moja ni ya mtu mwenye uhakika. Akaliweka kaunta, likakaa hapo siku zote za Annelie, hata yeye alilishika mara moja akalirudisha. Alipoondoka, Mzee alinipa. "Mpelekee baba yako hivi hivi, zima," akasema. "Mwenye haki ya kuliponda ni yeye."

Nilikusudia kutii. Nililipapasa kwa waya, halina mstari. Shingo laini, kitako kimeshika. Katika yote niliyowahi kuyachagua, hilo ndilo lilikuwa bora. Nikalitia kwenye gunia, Neema akaanza kushona. Kisha wote wawili tukafikiria kitu kimoja bila kusema. Vizuizi vilivyopo kati ya hapa na Uvira. Wanajeshi wa njia ile ile. Mfuko wa Mama Rehema ukimwagwa, na ganda zima, linang'aa, likiviringika miguuni mwao.

Neema akafumua uzi. Salvatori akaleta nyundo. Neema alilishika, nami nikapiga, mara moja, mdomo ukafumba. Nisamehe kwamba nimekutangulia. Mengine yafanye kengele kama kawaida, wachungaji wanasubiri. Hilo la uzi mwekundu usiliyeyushe na mengine. Liyeyushe peke yake liwe kengele, na ukisikia litakavyolia, liite kwa jina la mdogo wangu, kwa sauti, Mama asikie.

Ni mimi, mwanao aliyebaki,
Elia